Kupitiwa Si Ujinga: Somo la Kiwandani Lililotufikia kwa Sahani ya Kashata

Wasomaji wetu mliohudhuria Usiku wa Kiswahili mwaka jana mtakumbuka pilau, mtakumbuka taarab iliyokatika katikati kwa sababu spika ilizima, na huenda mtakumbuka kashata. Wengi wenu hamkuliona jambo lililotokea kwenye meza ya kashata saa mbili na nusu hivi za usiku. Sisi tuliokuwa nyuma ya meza ile hatujalisahau, na makala hii ni deni tunalolilipa.

Tulikuwa na sinia mbili. Moja ilikuwa ya kashata za nazi tupu. Nyingine ilikuwa ya nazi iliyochanganywa na karanga zilizosagwa laini. Zote zilikatwa pembe nne, zote zilikuwa na rangi ya sukari iliyoungua kidogo. Alikuja kijana wa mwaka wa kwanza, mgeni wetu, akauliza kwa adabu: "Samahani dada, hizi zina njugu?" Mwenzetu akamjibu bila kusita: "Hapana kaka, njugu hazimo kabisa. Karibu."

Alisema kweli, kwa Kiswahili cha nyumbani kwao. Wazazi wake ni wa Dar es Salaam, na kwao njugu ni njugu mawe, zile za duara zinazochemshwa kwa muda mrefu. Zile nyingine ni karanga, basi. Kijana aliyeuliza wazazi wake ni wa Nairobi, na kwao njugu ndizo hizo hizo karanga. Neno moja, mbegu mbili. Kijana alichukua kipande, akakifikisha karibu na mdomo, akasikia harufu ya karanga za kukaanga, akakirudisha mezani. Kisha akatuonyesha sindano ya adrenalini anayotembea nayo mfukoni tangu utotoni. Ana mzio wa karanga. Angekuwa na mafua usiku ule, tungeita gari la wagonjwa.

Yaliyofuata ndiyo yanayotutia aibu zaidi. Kesho yake, kwenye kikao cha kamati, tulimkalia kitako mwenzetu. Tulimwambia awe makini, awe anafikiri kabla ya kujibu. Aliomba radhi kwenye kundi letu la WhatsApp, kisha akajitoa kwenye kundi. Wiki sita hatukumwona klabuni. Leo ni mmoja wetu tulioandika makala hii, na ni yeye aliyesema kisa kielezwe chote.

Mhandisi aliyeacha kugomba

Mwenzetu mwingine anasoma uhandisi wa uzalishaji. Alipokisikia kisa hiki alituambia kwamba kosa letu kubwa lilikuwa kile kikao cha kesho yake. Akatusimulia habari za Shigeo Shingo.

Shingo alikuwa mhandisi wa Kijapani, aliyezaliwa 1909 na kufariki 1990, ambaye jina lake limefungamana na viwanda vya Toyota. Mwaka 1961 alitembelea kiwanda cha Yamada Electric. Wafanyakazi wa pale walikuwa wakiunganisha swichi ndogo yenye vitufe viwili, cha kuwasha na cha kuzima, na chini ya kila kitufe lazima iwekwe springi. Mara kwa mara mtu alisahau springi moja. Swichi ilifungwa, ikapelekwa kwa mteja, mteja akalalamika, msimamizi akagomba, wafanyakazi wakaahidi kuwa makini. Kwa siku kadhaa mambo yalinyooka, kisha springi ikasahauliwa tena.

Shingo hakumgombeza mtu. Alisema kabla ya kuanza kila swichi, mfanyakazi achukue springi mbili kutoka kwenye boksi kubwa na kuziweka kwenye kisahani. Kisha aziingize kutoka hapo. Akimaliza na kisahani bado kina springi, anajua palepale kwamba kuna iliyosahauliwa, na swichi haijaondoka mkononi mwake. Tatizo lililoshinda maonyo ya muda mrefu liliisha kwa kisahani.

Mbinu za namna hii mwanzoni ziliitwa *baka-yoke*, yaani kuzuia wajinga. Mwaka 1963, kwenye kiwanda cha Arakawa, mfanyakazi mmoja mwanamke alipoelezwa kwamba mashine yake imefungwa kifaa cha kuzuia wajinga, alilia. Aliuliza kama kweli yeye anaonekana mjinga kiasi hicho. Shingo alilitafakari jambo lile akabadilisha jina. Tangu hapo mbinu hizi zinaitwa *poka-yoke*. *Poka* ni lile kosa la bahati mbaya, la mtu mzima mwenye akili timamu ambaye mawazo yake yamehama kwa sekunde moja.

Hapo tuliosikiliza tukatazamana. Kiswahili kina neno lake hasa: kupitiwa. "Nimepitiwa, ndugu yangu." Angalia sarufi yake. Mtu hakufanya kitu, amefanyiwa. Jambo limempitia. Hakuna anayeweza kuahidi kwamba hatapitiwa tena, kama asivyoweza kuahidi kwamba hatapiga chafya. Kumwambia mtu "usipitiwe" ni kumpa kazi isiyowezekana, kisha kumlaumu ikimshinda.

Shingo alitenganisha mambo mawili ambayo sisi tulikuwa tumeyachanganya: kosa na kasoro. Kosa hutokea kwa mtu, na halikwepeki. Kasoro ni kosa lililoachwa lipite hadi kwa mteja. Kazi ya mbinu hizi ni kusimama kati ya hayo mawili.

Sahani ya viungo

Tulipokuwa tukizungumza, mmoja wetu alikumbuka jinsi mama yake, aliyekulia Tanga, anavyopika pilau. Kabla hajawasha jiko, anachukua sahani moja bapa na kuvipanga viungo vyote katika mafungu: bizari nyembamba, mdalasini, iliki, karafuu, pilipili manga. Kitunguu saumu na tangawizi vinakaa pembeni. Kila kinachoingia sufuriani kinatoka kwenye sahani ile. Simu ikilia, mgeni akibisha hodi, mtoto akiangusha kitu, mama haulizi kama iliki ameshaitia. Anatazama sahani.

Ni kisahani cha Shingo kilekile, na mama huyu hajapata kumsikia Shingo. Mwingine akakumbuka bibi yake anayevunja kila yai kwenye kibakuli kabla ya kulimimina kwenye unga, ili yai viza likipatikana liharibu kibakuli na si unga wote. Tuliona kwamba tumelelewa na wataalamu wa jambo hili, ila hawakuwahi kulipa jina.

Ndani ya kiwanda cha sandwichi

Mwenzetu mwingine alifanya kazi ya likizo ya kiangazi kwenye kiwanda cha sandwichi na saladi huku Uingereza. Hatukitaji, lakini alichokiona pale kipo kwenye viwanda vingi vya chakula, na tulimwomba atutembeze kwa maneno.

Kinga ya kwanza iko mlangoni. Kuna kizuizi cha kuzunguka, kama kile cha kituo cha treni, ila hiki hakisomi tiketi. Unaingiza mikono yote miwili kwenye kisanduku, kihisi kinaiona, dawa inanyunyizwa, na hapo tu ndipo kizuizi kinafunguka. Bango lenye maneno "Nawa mikono" linategemea kumbukumbu yako. Kizuizi hakikutegemei kwa lolote.

Ukijikata, unapewa plasta ya rangi ya buluu. Chakula cha buluu ni nadra mno, hivyo ikidondoka kwenye saladi inaonekana upesi. Ndani ya plasta umefumwa utepe mwembamba wa chuma, ili jicho likipitiwa, mashine ya kugundua chuma iliyo mwisho wa mkanda iikamate. Hizo ni kinga mbili katika kitu cha senti chache.

Vifaa vina rangi zake. Hata katika mikahawa ya kawaida huku Uingereza mbao za kukatia hufuata utaratibu unaojulikana: nyekundu kwa nyama mbichi, buluu kwa samaki wabichi, njano kwa nyama iliyopikwa, kijani kwa saladi na matunda, kahawia kwa mboga, nyeupe kwa mikate na vyakula vya maziwa. Siku hizi wengi wameongeza zambarau kwa chakula cha wenye mzio. Kwa mfanyakazi aliyefika wiki iliyopita na ambaye Kiingereza chake bado kinachechemea, rangi inasomeka kuliko ukurasa wa maelekezo.

Kisha kuna mpangilio wa siku. Sandwichi zenye viungo vichache zaidi vya mzio hutengenezwa kwanza asubuhi. Zenye ufuta, karanga au haradali huja mwisho, na baada yake mkanda mzima unaoshwa na kukaguliwa. Ukipanga hivyo, mabaki ya sandwichi ya karanga hayana sandwichi nyingine ya kuangukia.

Lakini hatari kubwa, alituambia, haiko kwenye kisu. Iko kwenye kifungashio. Chakula kilichotengenezwa vizuri kabisa kikitiwa kwenye paketi ya chakula kingine, lebo inasema uongo, na mwenye mzio anaiamini. Hiyo ni miongoni mwa sababu kubwa za bidhaa kurudishwa kutoka madukani. Ndiyo maana kila paketi hupita chini ya kisomaji cha msimbopau. Mwanzo wa zamu mashine inaambiwa leo tunafunga yai na jibini. Paketi moja ya kuku na haradali ikijipenyeza katikati ya rundo, mkanda unasimama wenyewe, na hauendelei mpaka msimamizi aje.

Uzito wa jambo hili unajulikana vyema katika nchi hii. Mwaka 2016 msichana wa miaka 15, Natasha Ednan-Laperouse, alifariki baada ya kula mkate uliokuwa na ufuta ndani ya donge lake, ilhali karatasi uliofungwa nayo haikuutaja. Wazazi wake walipigania sheria, na tangu tarehe 1 Oktoba 2021 chakula kinachofungwa hapohapo kinapouzwa lazima kiwe na orodha kamili ya viungo, huku vile 14 vya mzio vinavyotajwa na sheria vikikolezwa ili vionekane. Karanga ina nafasi yake katika orodha hiyo, na lozi, korosho na jamaa zao wana nafasi nyingine. Huwezi kuandika "njugu" ukanyamaza. Sheria imeukataa utata ambao sisi tuliuweka mezani.

Vali ya maziwa

Mwenzetu wa uhandisi alituambia kwamba ukitaka kuona mfano uliokamilika, tazama maziwa. Maziwa ya dukani hupitishwa kwenye joto la angalau nyuzi 72 za Selsiasi kwa angalau sekunde 15. Je, joto likishuka kidogo usiku wa manane, na mlinzi wa mashine anasinzia?

Mwisho wa bomba yanakopita maziwa ya moto kuna kipimajoto kilichounganishwa na vali. Joto likiwa sawa, vali inayaruhusu maziwa kwenda mbele. Likishuka chini ya kiwango, vali inageuka na kuyarudisha maziwa yote kwenye tangi la mwanzo, yaanze safari upya. Hakuna anayehitaji kuamka. Na vali ikikosa umeme au hewa, inajirudisha yenyewe upande wa kurudisha maziwa. Ikiharibika, inaharibikia upande wa usalama.

Hapo ndipo tulipoelewa tofauti kati ya kinga inayoonya na kinga inayozuia. Taa nyekundu na king'ora vinaonya, halafu vinasubiri mtu aamue. Vali inazuia. Ya pili ina nguvu zaidi, lakini ya kwanza pia ni bora kuliko kikao cha kulaumiana.

Kinga nayo hupitiwa

Tusije tukaonekana tunauza mashine. Mwenzetu wa sandwichi aliona pia kinga ikishindwa. Kwenye mkanda mmoja palikuwa na kihisi kilichosimamisha kazi hata paketi ikiwa imepinda kidogo tu. Kila kikisimama, zamu ilichelewa na msimamizi akakasirika. Siku moja alikuta mtu amekibandika utepe wa gundi. Hakuna aliyeuliza nani. Wote walifaidika.

Aliyeubandika hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amewekwa kati ya kihisi kinachosumbua na mkubwa anayehesabu paketi kwa saa, akachagua amani yake. Kinga inayomfanya mtu mwangalifu aonekane mvivu haitadumu. Ndiyo maana wanaoifanya kazi wanapaswa kuwa mezani inapobuniwa, kwa sababu wao ndio wanaojua ni wapi mkono huchoka.

Tena kinga lazima ijaribiwe. Mashine ya kugundua chuma hupitishiwa vipande vya majaribio vya aina tatu: chuma kinachovutwa na sumaku, metali isiyovutwa, na chuma kisichoshika kutu, ambacho ndicho kigumu zaidi kugunduliwa. Jaribio hufanywa mwanzo wa zamu, katikati na mwisho. Likishindwa, kila kilichopita tangu jaribio la mwisho lililofaulu huzuiwa na kukaguliwa upya. Mashine isiyojaribiwa hutupa moyo wa kuamini tu.

Tulichobadilisha

Tulianza kwa kumfuata mwenzetu nyumbani na kumwomba radhi. Mama yake alitupa chai ya maziwa na mandazi, akatusikiliza, kisha akasema tu kwamba kwao Dar hata yeye angejibu vilevile. Tukacheka, na tukaanza kazi.

Swali la kwanza lilikuwa gumu: kwa nini tusiziache kabisa kashata za karanga? Kwa kanuni za kinga, kuiondoa hatari ni bora kuliko kuizuia. Walikuwepo waliosema Usiku wa Kiswahili bila karanga hauna ladha ya nyumbani. Walikuwepo waliosema ladha ya nyumbani haina thamani ya pumzi ya mtu. Tulibishana jioni nzima. Mwisho tulikubaliana kwamba karanga zibaki, kwa masharti ambayo hayamtegemei mtu kukumbuka.

Sharti la kwanza ni umbo. Kashata za nazi zinakatwa pembe nne, za karanga zinafinyangwa duara, na karanga hazisagwi tena, zinabaki nzima ili zionekane. Hata asiyejua Kiswahili wala Kiingereza anaona tofauti.

La pili ni mpangilio. Nazi inapikwa Ijumaa kwenye jiko la klabu. Karanga zinapikwa Jumamosi, nyumbani kwa mmoja wetu, kwa sufuria na mwiko ambavyo haviji klabuni. Kila kashata ya karanga inafungwa palepale kwenye karatasi ya kahawia, na haifunguliwi mpaka iwe mkononi mwa anayeila.

La tatu ni hesabu. Kila kifurushi kinabandikwa kibandiko chenye picha ya karanga na maneno matatu: karanga, njugu, *peanut*. Vibandiko vinachapishwa kwa idadi ileile ya kashata zilizofinyangwa. Kikibaki kimoja, kuna kifurushi kimoja uchi.

Na mezani tuliacha kujibu maswali kwa kichwa. Anayeuliza anaonyeshwa orodha ya viungo vyote, iliyobandikwa kwenye sinia yenyewe, si kwenye kadi inayoweza kuhamishwa na upepo au na mtu anayepanga sahani.

Usiku wa Kiswahili wa muhula huu tulifinyanga kashata 60 za karanga na kuchapisha vibandiko 60. Tulipomaliza kubandika, karatasi ya vibandiko ilikuwa bado ina kimoja. Aliyekuwa akibandika alisimama, akakitazama, akasema, "Jamani, nimepitiwa." Hakuna aliyemkaripia. Tulivipindua vifurushi vyote mpaka tukakipata, kilikuwa kimejificha chini ya kingine, karatasi yake tupu. Akakibandika kibandiko, tukaendelea kufunga masinia.

Yule kijana alikuja tena. Alisoma orodha, akachukua kashata mbili za pembe nne, akala moja palepale mbele yetu. Dada aliyemjibu mwaka jana ndiye aliyekuwa mezani.

Tunabaki na kazi moja, na hiyo tunawaachia walimu wetu na nyinyi wasomaji. *Poka-yoke* tuiiteje kwa Kiswahili? Katika makala hii tumesema kinga tu. Baadhi yetu wanapenda "kinga-kosa", wengine wanapenda "kisahani", kwa heshima ya Shingo na ya mama wa Tanga. Leteni mapendekezo yenu kwenye mkutano wa Alhamisi. Tutayapanga kwenye sahani, na hatutaondoka mpaka iwe tupu.